Hafungi, Lakini Timu Inashinda: Mwongozo Kamili wa Kumpima Mtu wa Kazi kwa Takwimu za Kina za Kikapu

Mechi ikiisha pale Donbosco Upanga, watu wanaotoka getini wanaulizana swali moja: "Nani kafunga ngapi?" Aliyefunga 22 anazungukwa, anapigwa picha, na jina lake linafika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla hajavua viatu. Yule aliyemkaba mfungaji bora wa wapinzani kwa dakika 30, akadaka ribaundi sita (mipira iliyokosa goli) na asipoteze mpira hata mmoja, anabeba begi lake anakwenda kutafuta daladala.

Nimekaa meza ya takwimu kwa miaka kadhaa. Linaloniuma zaidi ni kuona mchezaji wa namna hiyo akiachwa wakati wa usajili kwa sababu "hafungi". Timu moja niliyokuwa naisaidia ilimwacha kijana wa hivyo nikiwa nimekaa kikaoni. Nilikuwa na madaftari ya msimu mzima, lakini ndani yake kulikuwa na pointi, ribaundi na faulo tu. Nilipoambiwa nimtetee kwa namba, sikuwa na namba ya kumtetea. Tangu siku hiyo nilibadili ninachoandika, na mwongozo huu unaeleza ninachoandika sasa na namna ninavyokisoma.

Huhitaji mitambo. Daftari, simu yenye Excel au Google Sheets, na mtu mmoja wa kukusaidia kuhesabu vinatosha.

Hatua ya 1: Uliza kazi yake ni ipi

Mtu wa kazi ni mchezaji ambaye mashambulizi hayapangwi kwa ajili yake. Yupo uwanjani kwa jambo moja au mawili: kukaba, kuweka skrini (kusimama njiani mwa beki ili mwenzake apite), kudaka ribaundi, kusimama kona akisubiri mpira, au kupandisha mpira bila kuupoteza. Ukimpima kwa kazi ya mwingine utamwonea.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni Shane Battier alipokuwa Houston Rockets ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kati ya 2006 na 2011. Msimu wa 2008-09 wastani wake ulikuwa pointi 7 na ushei kwa mechi, idadi ambayo haimshtui mtu. Lakini uongozi wa Rockets chini ya Daryl Morey ulijua kwamba akiwa ndani, timu inacheza vizuri zaidi na nyota wa upande wa pili anatupa kutoka sehemu asizozipenda. Mwaka huo huo Rockets walivuka raundi ya kwanza ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1997. Baadaye Battier alitwaa ubingwa mara mbili na Miami Heat, 2012 na 2013. Alex Caruso naye, ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti (zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya) ya 2016, ana ubingwa wa 2020 na Los Angeles Lakers na wa 2025 na Oklahoma City Thunder. Wote wawili walijua kazi yao, na waliowaajiri walijua namna ya kuipima.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, mfuate kocha umuulize: "Mwalimu, huyu kijana unamtaka akufanyie nini?" Andika jibu lake juu ya ukurasa. Kocha akishindwa kujibu kwa sentensi moja, tatizo huenda si la mchezaji.

Hatua ya 2: Kusanya vitu sahihi

Kama ligi yenu inatumia FIBA LiveStats, programu ya takwimu ya shirikisho la kikapu duniani, karatasi ya mwisho wa mechi itakupa mengi, ikiwemo safu ya +/-, yaani tofauti ya pointi za timu mchezaji akiwa uwanjani. Kama mnatumia karatasi ya kawaida, chora safu hizi mwenyewe kwa kila mchezaji: dakika, mitupo ya pointi mbili aliyojaribu na aliyofunga, mitupo ya pointi tatu aliyojaribu na aliyofunga, mitupo huru aliyojaribu na aliyofunga, ribaundi za mashambulizi, ribaundi za ulinzi, asisti (pasi zilizozaa pointi), mipira aliyopoteza, stili (mipira aliyowapora wapinzani), bloku (mitupo aliyoizuia) na faulo. Waandikie wapinzani vivyo hivyo, angalau kwa jumla ya timu.

Makosa mawili huwa nayaona mara nyingi. Kosa la kwanza ni kuandika mitupo iliyoingia tu na kuiacha iliyokosa. Bila iliyokosa hesabu nyingi za hapa chini haziwezekani. La pili ni kuziacha dakika. Kila yanapofanyika mabadiliko ya mchezaji, andika muda wa saa ya mchezo na matokeo ya wakati ule: "Robo ya 2, 6:14, 12 anaingia, 21 kwa 24." Mstari huo mmoja utakupa dakika zake na tofauti ya pointi kwa pamoja. Ni kazi inayochosha, hasa saa ya meza ikigoma, na ndiyo maana nasema uwe na mwenzako: mmoja aangalie mpira, mwingine aangalie benchi.

Hatua ya 3: Achana na wastani wa kwa mechi

Anayecheza dakika 12 hawezi kulinganishwa na anayecheza 35 kwa kuangalia "pointi kwa mechi". Gawanya kwanza kwa dakika, halafu zidisha kwa 40, ambazo ndizo dakika za mechi ya FIBA. Kwa NBA, yenye dakika 48, wengi huzidisha kwa 36.

Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2009 na Memphis Grizzlies, alimaliza msimu wake wa kwanza na wastani wa bloku 1.3 kwa mechi. Hapa mjini wengi walisoma namba hiyo wakasikitika. Lakini alikuwa anacheza kama dakika 13 tu, yaani bloku moja kila dakika kumi, na hicho ni kiwango kikubwa kwa ligi yoyote. Namba hiyo nayo ina mpaka wake. Inakuambia mchezaji anafanya nini akiwa ndani, haikuambii kama kocha anaweza kumwacha ndani. Ndiyo maana karibu na kiwango cha kwa dakika 40 mimi huandika daima faulo za kwa dakika 40. Mchezaji mwenye faulo nane kwa dakika 40 atakuwa ameshatoka kabla ya dakika ya 26, kwa sababu kwa sheria za FIBA faulo ya tano inakutoa.

Baada ya dakika nenda kwenye zamu. Zamu ni mara moja ambayo timu yako inapata mpira hadi inapoupoteza au kufunga. Timu inayokimbia inapata zamu nyingi, inayotembea inapata chache, na pointi 70 za timu ya kwanza si sawa na pointi 70 za timu ya pili. Kanuni yake, kwa timu nzima, ni hii:

Zamu = mitupo ya uwanjani (ya mbili na ya tatu) + (0.44 × mitupo huru) + mipira iliyopotea − ribaundi za mashambulizi

Kwa nini 0.44 na si nusu? Kwa kawaida mitupo huru miwili ni zamu moja, lakini mingine inatokana na mpira ulioingia huku mchezaji akifanyiwa faulo, au na faulo za kiufundi, na hiyo haianzishi zamu mpya. Namba 0.44 imetokana na mechi za NBA, ila kwa matumizi yetu inafaa bila wasiwasi. Ribaundi ya mashambulizi inatolewa kwa sababu inarefusha zamu ile ile.

Sasa tuingie kwenye mfano tutakaoutumia hadi mwisho. Namba hizi nimezitunga ili hesabu ionekane, si za mchezaji yeyote halisi. Timu imecheza mechi 10, dakika 400. Imetupa mara 680, mitupo huru 170, imepoteza mipira 165, na ina ribaundi za mashambulizi 125. Zamu zake ni 680 + 74.8 + 165 − 125, sawa na 795 hivi, karibu 80 kwa mechi. Imefunga pointi 640 na kufungwa 640.

Ndani yake kuna wachezaji wawili. Namba 7 amecheza dakika 240 na kufunga pointi 140, yaani 14 kwa mechi. Namba 12 amecheza dakika 220 na kufunga pointi 60, yaani 6 kwa mechi. Getini tunajua nani atapigwa picha.

Hatua ya 4: Pima usahihi wa mitupo

Asilimia ya kawaida ya mitupo ina kasoro: inahesabu mtupo wa tatu sawa na wa mbili. Kipimo cha kwanza cha kurekebisha hilo kwenye tovuti za takwimu kimeandikwa eFG%:

eFG% = (mitupo iliyoingia + nusu ya mitupo ya tatu iliyoingia) ÷ mitupo yote

Namba 7 ametupa 150, zimeingia 52, kati ya hizo 12 ni za tatu. (52 + 6) ÷ 150 = asilimia 38.7. Namba 12 ametupa 50, zimeingia 22, kati ya hizo 10 ni za tatu. (22 + 5) ÷ 50 = asilimia 54.

Kipimo cha pili, TS%, kinaingiza na mitupo huru:

TS% = pointi ÷ (2 × (mitupo + 0.44 × mitupo huru))

Namba 7 alitupa mitupo huru 40. 140 ÷ (2 × 167.6) = asilimia 41.8. Namba 12 alitupa 8. 60 ÷ (2 × 53.5) = asilimia 56.1. Timu nzima, kwa hesabu ile ile, ina asilimia 42.4.

Linganisha kila mtu na wastani wa ligi yake. NBA ya miaka ya karibuni ina TS% ya wastani wa 57 hadi 58. Ukimleta kijana wa ligi ya mkoa, anayecheza uwanja wa wazi wenye upepo wa bahari, ukampima kwa kipimo hicho, utawafukuza wote. Kusanya matokeo ya timu zote za ligi yenu, tafuta wastani wenu, na huo ndio uwe mstari wa kuanzia.

Hatua ya 5: Tazama mzigo alioubeba

Usikimbilie kusema Namba 12 ni bora kuliko Namba 7. Usahihi bila mzigo unadanganya. Mzigo, ambao tovuti huuandika USG%, ni sehemu ya zamu za timu ambazo mchezaji alizimaliza yeye, kwa kutupa, kwenda kwenye mitupo huru au kupoteza mpira, wakati akiwa uwanjani. Wachezaji ni watano, kwa hiyo mgawo sawa ni asilimia 20.

Hapa ribaundi za mashambulizi hazitolewi. Timu yetu imemaliza mipira 680 + 74.8 + 165, yaani 919.8 kwa dakika 400, au 2.3 kwa dakika. Namba 7 alipoteza mipira 34, kwa hiyo alimaliza 150 + 17.6 + 34 = 201.6. Katika dakika zake 240 timu ilimaliza 552. Mzigo wake ni asilimia 36.5. Namba 12 alipoteza 8, akamaliza 61.5 kati ya 506. Mzigo wake ni asilimia 12.2.

Sasa picha inasomeka. Namba 7 anabeba zaidi ya theluthi ya mashambulizi, mara nyingi sekunde zimebaki nne na mabeki wawili wako mbele yake. Mitupo ile mibaya lazima mtu aitupe. Namba 12 anatupa pale tu nafasi ilipo wazi. Ukimpandishia mzigo hadi 30, usahihi wake utashuka; hili limeonekana mara nyingi mno kwa wachezaji wa kila ngazi kiasi kwamba mimi sibishani nalo tena. Swali lako kuhusu mtu wa kazi ni hili: kwa mzigo mdogo aliopewa, anaupoteza au anaulinda? Mwenye mzigo wa asilimia 12 na usahihi chini ya wastani wa timu anakula nafasi ya mtu. Mwenye mzigo huo huo na usahihi wa juu anamfanya kila anayemkaba afikirie mara mbili kabla ya kumwacha.

Hili la kumfikiria lina thamani yake peke yake. Mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75, lakini kona ni mita 6.60. Mtu wa kazi akisimama pale, na beki wake akaogopa kumwacha, njia ya kwenda kwenye goli inafunguka kwa Namba 7. Hakuna karatasi ya kawaida inayoandika hilo. Mimi huchora vijiti: kila zamu ambayo beki wa Namba 12 anamwacha kwenda kusaidia, kijiti kimoja. Vijiti vikipungua mechi hadi mechi, wapinzani wameanza kumheshimu.

Hatua ya 6: Ribaundi kwa nafasi zilizokuwepo

"Ribaundi tano kwa mechi" inategemea mipira mingapi ilikosa goli. Tumia asilimia ya nafasi. Namba 12 ana ribaundi 30 za mashambulizi. Timu yake ina 125, na wapinzani wamedaka 315 kwenye goli hilo hilo, jumla 440 kwa dakika 400. Katika dakika 220 alizocheza zilikuwepo kama 242. Amepata asilimia 12.4, yaani mpira mmoja kati ya kila nane uliokosa. Kwa mtu asiyeitiwa mpira hata mara moja, hizo ni mara 30 alizoirudishia timu mpira.

Dean Oliver, mmoja wa waanzilishi wa fani hii, alionyesha kwamba ushindi wa kikapu umesimama juu ya mambo manne: usahihi wa mitupo, kutopoteza mpira, ribaundi za mashambulizi, na kufika kwenye mitupo huru. Uzito aliokadiria ni asilimia 40, 25, 20 na 15 kwa mpangilio huo. Mtu wa kazi anaweza asiguse la kwanza kabisa na bado akaishi kwenye mawili yanayofuata.

Hatua ya 7: Ulinzi, sehemu ambayo karatasi haioni

Hapa ndipo watu wa kazi wengi wanapoibiwa haki yao. Stili na bloku ni sehemu ndogo ya ulinzi, na wakati mwingine zinapotosha. Beki anayerukia kila pasi atapata stili mbili na kuacha milango wazi mara tano. Beki anayekaa mbele ya mtu wake, mkono juu, miguu ikitembea, anaweza kumaliza mechi bila stili wala bloku huku mtu wake akiwa amefunga 4 kati ya 15.

Fanya hivi. Chagua mechi, na umfuatilie mchezaji mmoja tu, usiangalie mpira. Kila zamu ya ulinzi andika vitu vitatu: alimkaba nani, zamu iliishaje kwa huyo mtu, na kama mtupo ulipigwa mkono ukiwa usoni au uwazi. Ongeza vijiti kwa mipira aliyoigusa ikabadili njia, faulo za kushambulia alizozisababisha kwa kusimama, na mara alizomwita mwenzake kwa sauti kumwonya kuhusu skrini. NBA yenyewe sasa huchapisha takwimu za mitupo iliyokabiliwa na mipira iliyoguswa.

Mwisho wa mechi tano utakuwa na sentensi ya aina hii: "Wafungaji wakuu waliokabwa na Namba 12 walitupa mara 48, wakafunga 15, wakikabwa na wengine walifunga 26 kati ya 55." Sentensi hiyo moja nimeona inageuza kikao kizima.

Video inasaidia sana. Simu moja kwenye jukwaa, betri imejaa, inatosha. Kwa mechi za JMK Park pale Kidongo Chekundu mimi husimama pembeni juu kidogo, ili wachezaji wote kumi waonekane. Ukirekodi ukifuata mpira, ulinzi wote wa upande usio na mpira unapotea.

Hatua ya 8: Timu inakuwaje akiwa ndani na akiwa nje

Kila mpenzi wa soka anajua tofauti ya mabao kwenye msimamo. Hii ni tofauti ya pointi ya mchezaji: timu imefunga ngapi na kufungwa ngapi akiwa uwanjani. Ile mistari ya "anaingia, anatoka" uliyoandika ndiyo inalipa hapa.

Namba 12 akiwa ndani, timu imefunga 370 na kufungwa 341, yaani +29. Akiwa nje, imefunga 270 na kufungwa 299, yaani −29. Igeuze iwe kwa zamu 100: akiwa ndani zamu ni kama 437, kwa hiyo +6.6, akiwa nje ni kama 358, kwa hiyo −8.1. Pengo ni karibu pointi 15 kwa zamu 100. Ni pengo kubwa la kutisha, na ndiyo maana usiliamini haraka.

Kwanza, ondoa mpira uliokwisha. Ligi zetu zina mechi za 92 kwa 45. Dakika nane za mwisho za mechi ya namna hiyo hazipimi mtu. Mimi huacha kuhesabu pale tofauti inapozidi 20 katika robo ya nne.

Pili, angalia alicheza na nani. Huenda Namba 12 anaingia kila mara nyota yupo. Gawanya dakika katika mafungu manne. Kwa timu yetu: wote wawili ndani, dakika 150, +24. Namba 12 bila Namba 7, dakika 70, +5. Namba 7 bila Namba 12, dakika 90, −21. Wote nje, dakika 90, −8. Soma fungu la tatu taratibu. Nyota anayefunga 14 kwa mechi anazama pale mtu wa kazi anapokuwa benchi. Sitaacha kulirudia hili kwa viongozi wa klabu: kabla ya kumwongezea nyota posho, angalieni ni nani anamfanya awe nyota.

Wataalamu wana njia nzito zaidi, inayoitwa RAPM, ambayo kompyuta inamgawia kila mchezaji sehemu yake kwa kuzingatia wenzake wanne na wapinzani watano wa kila dakika. Inahitaji zamu kwa maelfu mengi. Kwa mechi kumi za ligi ya mkoa haitakuambia kitu, usipoteze muda.

Hatua ya 9: Toa bahati kwenye hesabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayofanya takwimu zichukiwe. Namba 12 amefunga pointi tatu 10 kati ya 27, asilimia 37. Mitupo mitatu tu ingezunguka chuma na kutoka, angekuwa 7 kati ya 27, asilimia 26. Tofauti kati ya "mpigaji" na "asiyejua kutupa" ni mipira mitatu kwa mechi kumi.

Dawa yake ni rahisi. Mwongezee kila mchezaji mitupo 50 ya wastani wa ligi. Tuseme ligi inafunga asilimia 28 ya pointi tatu, yaani 14 kati ya 50. Namba 12 anakuwa (10 + 14) ÷ (27 + 50), asilimia 31.2. Namba 7, aliyefunga 12 kati ya 48, anakuwa 26 kati ya 98, asilimia 26.5. Bado Namba 12 yuko mbele, lakini pengo la asilimia 12 limekuwa chini ya 5, na hilo ndilo pengo unaloweza kuliweka mezani bila kuaibika. Mitupo ikiongezeka, zile 50 za kukopa zinapoteza nguvu zenyewe.

Tofauti ya pointi ina bahati zaidi. Zamu moja inaweza kuisha na 0, 1, 2 au 3, kwa hiyo inayumba kwa pointi moja hivi kutoka kwenye wastani wake. Kwa zamu 437 za kushambulia na 437 za kukaba, bahati peke yake inaweza kuisogeza jumla kwa pointi 30, juu au chini. Ile +29 yetu inaingia humo ndani. Haimaanishi ni uongo. Inamaanisha haiwezi kusimama peke yake: ikikubaliana na usahihi, ribaundi na daftari lako la ulinzi, iamini, ikipingana navyo vyote, subiri mechi zaidi.

Kuhusu vipimo vinavyodai kumaliza kila kitu kwa namba moja, nitasema kwa ufupi. PER, kipimo kilichobuniwa na John Hollinger na ambacho wastani wake ni 15, inampa thawabu anayetupa sana, na ulinzi inauona zaidi kupitia stili, bloku na ribaundi. Kwa mtu wa kazi ni kipimo kibovu. BPM ni bora zaidi, inakadiria pointi juu ya wastani kwa zamu 100, lakini uzito wake umepatikana kwa mechi za NBA. Zisome unapojadili NBA. Usizibebe kwenda Upanga.

Hatua ya 10: Mpelekee kocha karatasi moja

Kocha hana muda wa majedwali. Andika ukurasa mmoja. Juu, kazi aliyoitaja yeye mwenyewe katika hatua ya 1. Chini yake, namba nne au tano zinazoihusu kazi hiyo tu, kila moja na wastani wa ligi au wa timu pembeni. Kwa Namba 12: TS% 56.1 dhidi ya 42.4 ya timu, mzigo asilimia 12.2, ribaundi za mashambulizi asilimia 12.4 ya nafasi, mitupo ya aliowakaba, na yale mafungu manne ya dakika. Kisha sentensi moja ya udhaifu, na usiifiche: "Mitupo ya pointi tatu ni 27 tu, tusubiri hadi ifike 80."

Peleka siku mbili baada ya mechi, si mara baada ya kufungwa. Na nenda na simu yenye vipande vitatu vya video vinavyoonyesha kile namba zinachosema. Kocha wangu wa mwisho alisoma karatasi kimya, akaomba aone kipande cha pili mara mbili, kisha akaniuliza kijana anaishi wapi na nauli ya kuja mazoezini ni kiasi gani.